Kosa langu katika kitabu namba 4

Wengi wenu mnaijua sauti yangu kwa habari za barabara iliyofungwa, bei ya makala, ugawaji wa unga na mapigano. Leo siwaletei habari ya mtu mwingine. Nataka kuwaeleza kazi nyingine ninayoifanya usiku, ambayo wachache wanajua kuwa ni yangu, na mwishoni nitawaomba mnisaidie jambo moja. Mwenye haraka, hasa mwenye watoto wanaoishi karibu na Goma au wanaotarajia kurudi huko, aende moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho.

Kazi hiyo ni kuandika hadithi za kubuni, zile za ajabu: mazimwi, mawe yanayosema, nchi ambazo haziko kwenye ramani. Waliosoma wanaiita fantasia. Sina nyumba ya uchapishaji nyuma yangu. Naandika mwenyewe, napanga kurasa mwenyewe, nalipa fotokopi mwenyewe, nakunja, nagonga agrafu na kutafuta wasomaji. Mtu wa namna hiyo huitwa mwandishi wa kujitegemea. Neno hilo lilinipendeza sana mwanzoni, kabla sijajua uzito wake.

Nilianza mwisho wa 2022. Watu walikuwa wanashuka kutoka Rutshuru na Nyiragongo, na Kanyaruchinya palikuwa pamejaa vibanda vya shitingi juu ya mawe ya lava. Nilikuwa namrekodi mama mmoja aliyetembea siku tatu. Tulipomaliza, binti yake wa miaka kama kumi akanitazama na kuuliza:

«Papa, weye unajua habari za vita tu? Haujue hata hadithi moja?»

Niliona haya. Bibi yangu alikuwa na hadithi nyingi za sungura, lakini nilipotafuta kichwani nikakuta vipande tu. Nikaanza na «Zamani za kale», nikapoteza njia, nikaona mawe meusi chini ya miguu yetu, nikabuni. Nikamwambia kwamba lava ikishapoa inakumbuka kila nyumba iliyofunika, na kwamba kuna msichana anayeitwa Furaha ambaye akiweka sikio kwenye jiwe anasikia majina ya waliokuwa wanaishi pale. Watoto wakawa watano, kisha kumi na tano. Wakati wa kuondoka yule binti akauliza: «Kesho Furaha atafanya nini?» Sikuwa na jibu. Usiku huo nikaanza kuandika ili niwe nalo.

Wengi hufikiri kwamba mwandishi wa mambo ya ajabu anakaa chini ya mti, anatazama ziwa, na maneno yanamjia. Mimi naandika kwa simu. Nikimaliza kutuma ripoti ya jioni na watoto wakilala, nakaa karibu na mlango mahali ambapo mtandao unashika, kuanzia saa mbili hadi saa tano, kama betri inaruhusu. Siku ya mapigano siandiki kitu. Siku nyingine naandika mistari sita na kufuta minne. Kitabu kimoja kidogo kinanichukua karibu miezi miwili, na katika miezi hiyo kuandika kwenyewe hakufiki nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni hesabu. Kitabu changu kina kurasa 16, yaani karatasi nne za kawaida zilizokunjwa katikati. Kurasa hazifuatani zikichapishwa: ukurasa wa 16 unakaa pembeni mwa ukurasa wa 1, wa 2 unakaa na wa 15, na kadhalika. Nilijifunza jambo hilo baada ya kulipia nakala 40 ambamo Furaha alifika kwa mfalme wa moshi kabla hajatoka nyumbani kwao. Zile nakala 40 mama watoto aliwashia jiko.

Kila karatasi ina pande mbili, kwa hiyo kitabu kimoja ni pande nane. Mchana fotokopi ilikuwa franka 100 kwa kila upande. Nilipatana na kijana mmoja mwenye mashine: nikimletea kazi jioni, wakati wateja wameisha, ananitoza 70. Kitabu kikawa franka 560. Nilikiuza 1.000, na muuzaji alibaki na 200. Wauzaji wangu walikuwa vijana wa uniti, mama mmoja wa mikate karibu na shule, na kijana wa chukudu aliyefunga vitabu kwenye mfuko wa plastiki juu ya viazi. Kwa kitabu kilichouzwa nilibaki na franka 240.

Mtasema si vibaya. Lakini niliowaandikia hawakuwa na franka 1.000. Kati ya nakala 100 za kwanza niliuza 60 na kutoa 40 bure kambini. Hesabu ni hii: nilipokea 48.000 na nilikuwa nimelipa 56.000. Kila mara nilipochapa nakala 100, nilipoteza franka 8.000. Mama watoto ndiye aliyeona njia. Aliniuliza kwa nini kila mtoto awe na kitabu chake wakati hata redio tunasikiliza watu kumi. Tangu hapo nikatoa nakala moja kwa kila vibanda kumi, na kumtafuta mtoto mmoja anayejua kusoma vizuri awasomee wenzake jioni. Nakala za bure zikashuka hadi 15, na nikaanza kubaki na franka 12.000 kwa kila nakala 100. Hizo zilinunua kadi za intaneti na agrafu. Tajiri sikuwa, lakini kazi ilijilisha yenyewe.

Wapo walioniuliza kama ni heshima kwa mwandishi wa habari kuandika uongo. Mkuu wangu wa kazi alisema waziwazi: fanya usiku, lakini jina la redio lisionekane kwenye karatasi zako. Alikuwa na haki. Katika mji ambao uvumi unaweza kuwatoa watu nyumbani usiku wa manane, jina la redio lazima libaki kwenye mambo yaliyohakikishwa. Ndiyo maana vitabu vyangu havina jina la mwandishi. Kuna neno moja tu kwenye jalada: hadithi.

Nilijipa moyo kwa mifano ya waliotangulia. Wa kwanza ni wa nchi yetu. Huko Kinshasa kuna mtu anayejulikana kama Papa Mfumu'eto wa Kwanza. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 alitunga, akachora na kuchapisha mwenyewe vitabu vidogo vya picha kwa Lingala, kwenye karatasi ya bei ya chini, vikauzwa sokoni na barabarani. Kilichojulikana kuliko vyote ni kisa cha mwanaume anayegeuka nyoka mkubwa, anammeza mwanamke na kutapika pesa. Hakungoja mchapishaji wa Ulaya ampe ruhusa, wala hakuandika kwa Kifaransa ili aonekane msomi. Aliandika lugha ya watu wanaopanda basi. Leo karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Florida huko Marekani, na mwaka 2015 kazi zake zilioneshwa Paris katika maonesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Niliposoma habari hizo nilijiambia: kumbe karatasi ya fotokopi inaweza kwenda mbali.

Wa pili ni Christopher Paolini, kijana wa Montana, Marekani. Alianza kuandika hadithi ya joka alipokuwa na miaka 15. Kitabu chake Eragon kilitolewa mwaka 2002 na familia yake yenyewe, si na kampuni kubwa. Kisha kijana huyo akazunguka mashuleni, kwenye maktaba na maduka ya vitabu, zaidi ya mara 130, amevaa nguo za watu wa zamani za Ulaya, akisimulia ili watu wanunue. Mwaka 2003 mchapishaji mkubwa, Knopf, akakichukua, na dunia nzima ikakijua. Mimi kilichonivutia ni ile safari ya shule hadi shule. Nilimwona kama kijana wangu wa chukudu.

Lakini kuna jambo moja katika kisa cha Paolini nililolipita haraka. Kabla kitabu hakijatoka, baba na mama yake walikisoma, wakakisahihisha, wakakaa naye juu ya kurasa. Alijitegemea, ndiyo, lakini hakuwa peke yake. Mimi nilikuwa peke yangu kabisa, na nilijivunia hilo. Sasa nifike kwenye kitabu namba 4.

Watu wa Goma wanajua mazuku. Kwa ajili ya wanaotusoma kutoka mbali nitaeleza. Karibu na volkano zetu, hasa upande wa magharibi wa mji kando ya ziwa, kuna mabonde madogo na mashimo ambamo hewa mbaya inatoka ardhini. Ni gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa chini kama maji kwenye beseni. Haionekani, na pua haikuambii kitu. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo, inajaa zaidi. Mbuzi anaingia kula majani na hatoki. Mtu mzima anaweza kupita bila kujua huku mtoto au mbwa aliye karibu na ardhi anaanguka. Wazazi wetu waliita mazuku, upepo mbaya unaoua.

Kwa mtunzi wa mambo ya ajabu, jina kama hilo ni zawadi. Katika kitabu namba 4 nilimfanya Mazuku awe zimwi lisilo na mwili, linalolala bondeni na kunywa pumzi za wanaopita. Furaha alilazimika kuvuka bonde lake ili afike upande wa pili, mahali mama yake alikokuwa. Nilifika kwenye ukurasa wa 11, saa ilikuwa karibu saa tano usiku, betri ilikuwa imebaki kidogo, na sikujua atavukaje. Nikampa wimbo. Furaha akaimba majina ya nyumba zote alizosikia kwenye mawe, na Mazuku akalala usingizi, na msichana akapita.

Niliona ni ukurasa mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Niliutuma asubuhi kwa kijana wa fotokopi. Tulichapa nakala 120. Hakuna mtu hata mmoja aliyeusoma kabla haujachapwa.

Baada ya wiki tatu hivi, mama mmoja alinisubiri kwenye mlango wa kambi moja magharibi mwa mji. Hakunisalimia. Alikuwa na kitabu mkononi.

«Papa, ni weye uliandika hii?»

Nikasema ni mimi.

«Mutoto wangu aliingia mu shimo juu ya hii kitabu yako.»

Alinieleza akiwa amesimama. Mwanawe wa miaka tisa alikwenda na wenzake kuokota vijiti vya moto asubuhi mapema. Kulikuwa na shimo ambalo wenyeji walikuwa wamewaonya wasiingie. Wenzake walikataa. Yeye akasema anajua wimbo. Akashuka akiimba. Hakufika katikati, miguu ililegea, akakaa, kisha akalala. Mzee mmoja aliyekuwa anafunga mbuzi juu alisikia wimbo unakatika. Alibana pumzi, akashuka mbio, akamvuta kwa mkono mpaka juu. Mtoto alitapika, akaumwa kichwa siku mbili, akapona. Anaishi. Naandika neno hilo kila mara ninaposimulia jambo hili, kwa sababu lingeweza kuwa neno jingine.

Sikujua niseme nini. Nilisema kwamba ilikuwa hadithi, kwamba neno hilo lipo kwenye jalada. Mama yule akafungua ukurasa wa 11 na kunionesha kwa kidole.

«Hapa umeandika Mazuku. Mazuku iko hapa kwetu. Ungeandika mnyama ya kwenu.»

Katika kazi yangu ya redio nimesikia watu wengi wakipima maneno yangu, wakubwa na wadogo. Hakuna aliyewahi kunisahihisha vizuri hivyo. Mambo ya kubuni yanaruhusiwa kuwa ya ajabu kiasi chochote. Lakini nilichukua hatari ya kweli, yenye jina lake la kweli na mahali pake pa kweli, nikaiwekea dawa ya uongo. Mtoto hakukosea. Alisoma vizuri kabisa. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeandika bila kufikiri nani anasoma, na anaishi hatua ngapi kutoka kwenye shimo.

Siku hiyo nilielewa neno kujitegemea. Hakuna mhariri wa kukuzuia, na ukikosea hakuna mlango wa ofisi wa kujificha nyuma yake. Mama wa mtoto anakungoja wewe.

Nilianza kukusanya. Kwa siku tisa nilizunguka kambini, mashuleni, kwa vijana wa uniti na kwa mama wa mikate. Kati ya nakala 120 nilirudisha 83. Zilibaki 37 ambazo sikuzipata, na sikuweza kuhesabu zile ambazo watu wengine walizitoa fotokopi wenyewe. Ndiyo, nilikuwa na waigaji. Zamani nilikasirika kuona kitabu changu kinauzwa franka 700 na mtu nisiyemjua. Safari hii sikukasirika kwa pesa. Niliogopa.

Kisha nikaandika upya. Kwanza nilikwenda kwa mtu mmoja anayefanya kazi ya kuchunguza volkano, nikamwomba anifundishe kama mwanafunzi. Aliniambia jambo ambalo sikulijua: mara nyingi anayekufa ni yule anayeshuka kumsaidia wa kwanza. Yule mzee wa mbuzi alikuwa na bahati na alijua kubana pumzi, lakini mtoto asifundishwe kufanya hivyo. Afundishwe kupiga kelele, kubaki juu na kuita wakubwa.

Katika chapa ya pili Furaha anaanza kuimba, na wimbo haufanyi kazi. Anaona ndege ameanguka kwenye majani na mbuzi amelala bila kupumua. Anageuka nyuma, anapanda juu, anazunguka bonde lote kwa kilima, na safari inayopaswa kuwa ya saa moja inachukua kurasa tatu. Niliogopa watoto wataona inachosha. Walipenda zaidi. Kijana mmoja aliniambia kwamba zimwi lisiloshindwa linatisha kuliko lile la kwanza, na sasa anaamini Furaha ana akili.

Kuchapa tena nakala 120 kulikula franka 67.200, zaidi ya dola 25. Hizo zilikuwa pesa nilizoweka nibadili simu. Nilibaki na simu ya kioo kilichopasuka mwaka mwingine mzima, na sikuona vibaya. Niliona ni faini ya haki.

Tangu hapo sijachapa kitu ambacho hakijasomwa na watu watatu. Wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye hukata maneno yangu marefu bila huruma. Wa pili ni msichana wa sekondari anayechora majalada. Yeye hunambia pale anapochoka, na mara nyingi ni pale ninapojisikia nimeandika vizuri sana. Wa tatu ni yule mama. Nilimwomba kwa aibu, akacheka mara ya kwanza mbele yangu, akakubali. Hakumaliza shule, kwa hiyo mwanawe alimsomea. Katika kitabu namba 6 alinizuia tena. Nilikuwa nimemrudisha Furaha kijijini kwa usiku mmoja tu, juu ya chukudu inayoruka. Mama akasema:

«Usimurudishe upesi hivyo. Wangu wataniuliza kila asubuhi chukudu yetu iko wapi.»

Nikaiacha chukudu iruke, lakini hadi nusu ya njia. Nusu nyingine Furaha aliitembea na wenzake, katika namba 7 na namba 8.

Namba 9 ilikuwa ya mwisho. Ndani yake Furaha anafika. Nilipeleka kurasa kwa kijana wa fotokopi katikati ya mwezi wa kwanza 2025. Mnajua kilichofuata Goma mwisho wa mwezi huo. Nilikitangaza, na sitakirudia hapa. Mwezi wa pili watu wa kambi waliambiwa waondoke, na katika siku chache shitingi zilishuka. Nilisimama barabarani na kipaza sauti nikiwauliza watu wanakwenda wapi. Wengine walijibu Masisi, wengine Rutshuru, wengine walisema hawajui. Watoto wawili waliniita kwa jina la kitabu: «Papa Furaha!» Sikuwa na namba 9 hata moja mkononi. Mashine ya fotokopi ilikuwa imefungwa, na kijana mwenyewe alikuwa amevuka mpaka.

Mchapishaji mkubwa ana orodha ya maduka. Mimi orodha yangu ilikuwa vibanda, na vibanda havipo tena. Yule mama na mwanawe walipanda lori kuelekea kwao. Alinipa namba ya simu ya shemeji yake, ambayo haiiti.

Miezi kadhaa baadaye nilipokea kwa WhatsApp picha kutoka kwa papa mmoja wa milima ya Masisi. Ilikuwa daftari la shule lililoandikwa kwa mkono wa mtoto, mistari imenyooka, hata mchoro wa jalada umeigwa kwa kalamu ya buluu. Aliniandikia kwamba binti yake alinakili vitabu vyote kwa sababu karatasi zilikuwa zinachanika, na sasa anawasomea watoto wa kijiji. Alitaka kujua kama kuna mwisho. Nilifurahi mpaka nikamwita mama watoto aone. Alisoma polepole, akavuta picha kwa vidole viwili ili maneno yawe makubwa, kisha akanirudishia simu bila kusema kitu.

Ilikuwa namba 4. Furaha anaimba, na Mazuku analala usingizi.

Chapa ya kwanza. Moja ya zile 37, au mtoto wa mtoto wake. Nilimpigia papa yule siku hiyohiyo, na binti alisahihisha daftari lake nikimsomea kwa simu mpaka uniti zikaisha mara mbili. Kule mlimani labda hakuna mazuku karibu nao. Lakini watu wetu hawakai mahali pamoja, siyo kwa kupenda, na daftari linaweza kurudi Goma mgongoni mwa mtoto siku yoyote.

Kwa hiyo hili ndilo ombi langu, na ndiyo sababu leo nimevunja kimya changu na kusema kwamba vitabu hivyo ni vyangu.

Kama nyumbani kwenu kuna kitabu kidogo cha Furaha, namba 4, tazameni jalada. Kama msichana ameinua mkono mbele ya bonde na hakuna maneno «Chapa ya pili» chini yake, hicho ndicho kibaya. Fungueni ukurasa wa 11. Futeni wimbo kwa kalamu, au chaneni ukurasa huo. Kama mtoto amekinakili kwenye daftari, mwambieni asahihishe, na mumsifu kwa kunakili. Mwambieni aliyeandika amekiri mwenyewe kwamba alikosea.

Kisha mwambieni maneno haya, ambayo si hadithi. Mazuku hailali kwa wimbo, wala kwa sala, wala kwa kukimbia haraka. Mahali wenyeji wanapokataza, usishuke. Ukiona ndege au mnyama amekufa shimoni, rudi juu. Mwenzako akianguka humo, usimfuate. Piga kelele uite wakubwa. Watoto wadogo wasitumwe kuokota kuni kwenye mabonde alfajiri.

Na kwa wale wanaoulizia mwisho: namba 9 ipo. Kijana wa fotokopi amerudi, na mashine yake inafanya kazi siku zenye umeme. Nimechapa nakala 30, pesa zikipatikana nitaongeza. Mwenye njia ya kwenda Masisi, Rutshuru au kwingineko ambako wasomaji wangu wamekwenda, motari, dereva wa lori au mama wa biashara, apitie kwangu nimpe nakala mbili au tatu. Ni nyepesi, hazifiki uzito wa kilo moja ya maharagwe. Wapeni watoto bure.

Kabla sijaichapa, ilisomwa na mwalimu na msichana wa majalada. Msomaji wangu wa tatu bado sijampata. Mama, kama unasikia au unasomewa maneno haya, ukurasa wa 14 nimeuacha wazi kidogo, pale Furaha anapofika mlangoni. Sitaki kuuandika vibaya. Nipigie.